Alisema Hanifahamu, na Mtihani ni Mwezi Ujao

Mpendwa mshauri Mama Evaresta,

Shikamoo mama. Naomba msaada wako, na naomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana nimeianza mara nyingi nikaichana. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Oldonyo Sambu, nina miaka hamsini na moja, mke wangu Namnyaki alifariki miaka minne iliyopita, binti yetu Silantoi anafanya kazi Dodoma, na nyumbani nimebaki mimi, mbuzi wachache na redio. Baada ya msiba niliona jioni zimekuwa ndefu mno, nikajiandikisha kusoma shahada ya ualimu kwa masafa, ile ya kupewa moduli ukasome mwenyewe kwako, kazi unatuma kwa mtandao, na kituoni mjini unakwenda wakati wa mitihani tu. Walimu wenzangu, ambao wengi ni vijana, walicheka wakasema, "Mwalimu, joho utalivaa siku ya kustaafu," nami nikacheka nao, lakini tangu siku hiyo sikufungua tena moduli ofisini.

Mama, hakuna aliyeniambia kwamba kusoma hivi ni kuongeza upweke juu ya upweke. Unasoma ukurasa huelewi, unaurudia huelewi, na hakuna wa kumuuliza. Kwenye kundi letu la WhatsApp tuko wengi, lakini watu huingia kuuliza mwisho wa kutuma kazi ni lini, kisha kimya. Siku moja mwanamke mmoja, nitamwita Lilian ingawa silo jina lake, aliuliza jambo kuhusu nadharia za motisha na hakuna aliyemjibu, swali likakaa pale mpaka likafunikwa na matangazo ya watu wanaouza vifaranga, nikamhurumia, nikamtumia ujumbe wa sauti nikamweleza kwa mfano wa ndama anayefuata chumvi mkononi mwa mchungaji. Akacheka sana. Akaniambia, "Kaka mwalimu, hii moduli wangekupa wewe uiandike." Ndivyo tulivyoanza.

Lilian ni fundi cherehani mtaa wa Daraja Mbili kule mjini, anashona sare za shule; alisomea ualimu zamani akakosa ajira. Nikishatoka darasani nilikuwa natembea hadi nyuma ya tangi la maji ambako mtandao unashika, nampigia, yeye anaweka simu juu ya meza ya kushonea, anasoma aya moja nami nasoma inayofuata, nyuma yake nasikia cherehani ya mwenzake, mara ananiambia, "Subiri kaka, kuna mteja," nami nasubiri pale kwenye upepo na vumbi, na nakuambia ukweli mama, hata kule kusubiri kulinipendeza. Tulionana uso kwa uso wakati wa mitihani tu, tukanywa chai kwenye benchi la kituo, naye siku zote alikuwa na haraka ya kurudi. Sijamgusa zaidi ya mkono wa salamu. Hakuwahi kumtaja mume na mimi sikuuliza. Tukavuka mwaka wa kwanza, tukavuka wa pili.

Mwaka huu akanyamaza. Ujumbe hausomwi, simu inaita haipokelewi, kisha ikawa haipatikani kabisa, kisha nikaona ametoka kwenye kundi. Nikasema moyoni, huyu anaumwa. Jumamosi moja nikavaa koti langu la kanisani, nikachukua kidumu cha maziwa na maharage kidogo kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa, nikashuka mjini, nikamuulizia fundi wa sare mpaka nikaonyeshwa nyumba.

Mlangoni alikuwapo mwanamume. Alinisalimia vizuri, akanivutia kiti, akauliza, "Unamtafuta nani, mzee?"

Nikasema namtafuta Lilian, mwanafunzi mwenzangu, amekuwa kimya nikadhani ni mgonjwa.

"Mwanafunzi?" akasema. "Mke wangu si mwanafunzi wa popote."

Hakupandisha sauti. Akageuka akamwita. Lilian akatoka na tepu ya kupimia shingoni, mumewe akamwambia, "Huyu mzee anasema mnasoma pamoja." Lilian akanitazama kama anavyotazamwa mteja aliyekuja duka limeshafungwa.

"Simfahamu," akasema. "Atakuwa amekosea nyumba."

Mama Evaresta, ilikuwa sauti ile ile. Sauti iliyonisomea falsafa ya elimu kutoka mwanzo hadi mwisho, ndiyo hiyo iliyosema hainifahamu. Nikasema, "Samahanini, kweli nimekosea nyumba," nikaondoka na maziwa yangu. Nilipofika Oldonyo Sambu yalikuwa yameharibika kwa jua, nikawamwagia mbwa.

Tangu siku ile siwezi kusoma. Nafungua moduli, nasoma aya moja kwa sauti, halafu najikuta nimenyamaza nangoja mtu asome inayofuata. Mtihani wa mwaka ni mwezi ujao. Silantoi akipiga simu Jumapili anauliza, "Baba, masomo yanaendaje?" nami namjibu, "Vizuri sana, mwanangu." Usiku na mchana nawaza nimwandikie yule bwana nimweleze kuwa hapakuwa na lolote baya kati yetu, au nirudi nimwone Lilian dukani wakati mumewe hayupo, nimuulize tu nimemkosea nini, au niache shule kabisa nibaki na mbuzi wangu. Nishauri mama. Sina mwingine wa kumuuliza.

Mwalimu, Oldonyo Sambu

MAMA EVARESTA ANAJIBU

Mwalimu, marahaba, na pole sana. Kabla ya yote wasomaji wajue kwamba nimebadilisha kazi ya mama huyo, mtaa wake na hata mahali unapofundisha. Kwa hiyo yeyote anayedhani anawajua, hawajui, aache kutafuta.

Sasa tuzungumze sisi wawili. Uliteremka mlimani na kidumu cha maziwa, ukaingia kwenye uwanja wa mtu bila taarifa, ukakaa kwenye kiti chake, ukamwambia jambo la mke wake ambalo yeye mwenyewe hakulijua. Nia yako ilikuwa njema, sikatai. Lakini mtu mzima wa miaka hamsini, uliyeoa na kuzika, hukujiuliza kwa nini mwanamke anasoma na wewe miaka miwili bila kutaja nyumbani kwake kuna nani? Hukujiuliza kwa sababu hukutaka kujua. Hapo ndipo ninapokugombeza.

Unasema amekukana. Mimi naona mwanamke aliyeitwa mbele ya watu wawili, akapewa muda wa kufumba na kufumbua jicho kuchagua neno, akachagua lile litakaloimaliza habari haraka. Ungependa aseme nini? Na wewe ukafanya jambo moja la busara siku ile nzima, ukakubali kuwa umekosea nyumba. Huenda ndilo jambo kubwa zaidi uliloweza kumsaidia. Usije ukalivunja kwa mikono yako.

Kwa hiyo hakuna kumwandikia mumewe. Mtu akikujia kujieleza kabla hujamuuliza, wewe mwenyewe ungemfikiriaje? Hakuna kwenda dukani ukivizia mume ametoka. Hiyo hata ukiwa na malaika wawili mabegani, mtaa utaipa jina baya. Kwa nini alisoma kwa siri, kwa nini ameacha, mimi sijui na wewe hujui, na haitupasi kumhukumu yeye wala bwana wake. Namba yake usiifute, na usiipige. Ukikutana naye kituoni msalimie kama unavyosalimia mwanafunzi yeyote, halafu mwache yeye aamue kama kuna neno la pili.

Nimeisoma barua yako mara mbili, Mwalimu. Habari za masomo ni mistari michache. Iliyobaki yote ni sauti yake, kicheko chake, cherehani nyuma yake. Ulimpenda. Hujamkosea mtu kwa kupenda ukiwa nyuma ya tangi la maji, lakini likubali, maana usipokubali utaendelea kudhani kinachokuuma ni moduli. Umefiwa na mke, na sasa umepoteza rafiki, na huu msiba wa pili hakuna aliyekuja kukaa nawe kwa sababu hakuna aliyejua ulikuwapo. Hilo linauma, na silipunguzi.

Lakini ninyi wanaume mnapenda kufa kiofisa! Mwanao anakuuliza, unamjibu vizuri sana. Vizuri gani? Usingoje Jumapili. Mpigie leo, mwambie, "Silantoi, masomo ni magumu na ninasoma peke yangu." Si lazima umwambie ya Daraja Mbili. Mwambie hilo tu, kisha umwache akujibu. Halafu nenda kituoni kabla ya mtihani, uliza nani wa mwaka wako anatoka upande wa huko kwenu, na kwenye lile kundi lenu tafuta swali ambalo halijajibiwa ulijibu. Shule huachi. Ada ya miaka miwili na macho uliyoyachosha si vitu vya kuwaachia mbuzi.

Kwa kuwa mtihani ulikuwa karibu, haya yote nilimweleza Mwalimu kwa simu, na gazeti limechelewa kidogo kuyachapa. Juzi nilimpigia tena, naye ameniruhusu niwaambie. Alimpigia binti yake. Silantoi akasema, "Baba, kumbe," na sasa humsikiliza kwa simu akisoma, ingawa hajui lolote la nadharia na husinzia. Mtihani ameufanya wote. Lilian hakutokea siku yoyote. Kiti chenye namba yake kilibaki wazi safu ya mbele, na Mwalimu anasema siku ya kwanza alikitazama zaidi ya karatasi yake.

Siku ya pili, nje kwenye baraza, bwana mmoja muuza pembejeo wa Ngaramtoni, anaitwa Elisaria, alimsogelea na moduli iliyokunjika akamuuliza, "Mwalimu, hii tathmini wewe umeielewa?" Wakakaa. Wamebadilishana namba, na wamekubaliana kusoma pamoja masomo yaliyobaki.

"Ana sauti ya kukwaruza, na anasoma haraka mno," Mwalimu akaniambia. "Si sawa na kule, mama."

Nikamwambia, haitakuwa sawa, Mwalimu. Soma naye hivyo hivyo.