Mafla ya Shangazi

Jumanne, 1 Julai 1997

Mafla ya Shangazi imepasuka tena. Mara ya pili tangu Pasaka! Daftari hili nimelifungua leo kwa sababu moja tu: ushahidi. Darasa la nne langu la misheni ya Kilema linatosha kuandika jina la mwizi.

Shangazi ni ndege yetu. Jina nimempa mimi, kwa sababu kila akija lazima atake kitu. Wa mwaka sitini na nane, viti vinne, propela moja. Nilimnunua mwaka juzi kwa mzungu wa shamba la kahawa aliyekuwa anarudi kwao, kwa hela ya majaruba yangu ya mpunga kule Mabogini. Ukoo mzima ulisema nimechanganyikiwa. Inawezekana. Lakini binti yangu Valeria ana leseni ya urubani — nani mwingine mlimani hapa ana binti wa namna hiyo? Anawazungusha watalii Kibo, wanapiga picha theluji, wanashuka wanatetemeka na kufurahi.

Aliyeniita kiwanjani ni Injinia Eliezeri. Mpare wa Usangi. Ndiye mwenye ruhusa ya kumtibu Shangazi. Kanishikia tochi na kioo kidogo kama cha daktari wa meno. Mzee Aristides, ona hapo kwenye mafla ya bomba la moshi, huo unga mweupe ni moshi unavuja. Nikaangalia. Chuma. Kutu. Ufa niliuona baada ya kuvaa miwani — unene wa unywele! Kwa unywele huo anataka mafla mpya kutoka Nairobi, bei ya ng'ombe wanne wa maziwa.

Nikamwambia malori yanashuka kutoka Tarakea na ekzosi zimefungwa kwa waya na hakuna anayelia. Akasema lori halimpulizii dereva moshi wake puani.

Ana jibu kwa kila kitu. Mtu mwenye jibu kwa kila kitu amekaa akajiandaa.

Alhamisi, 3 Julai

Leo nimeelezwa tena, polepole, kama mtoto wa kipaimara. Mafla ya ndege imevikwa koti la bati. Hewa inapita kati ya koti na mafla, inapata joto, inaingia kwa abiria — ndiyo hita. Mafla ikipasuka, gesi ya injini inaingia pamoja na joto. Na gesi hiyo, anasema Eliezeri, haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Inakulaza tu. Unalala unacheka.

Mae! Kitu kisichoonekana, kisichonuka, kinaua, na dawa yake inauzwa Nairobi! Hata waganga hawajawahi kutunga kitu kizuri hivyo.

Miaka ishirini na sita nilipokea magunia ya kahawa mjini. Gunia lenye ukungu nilikuwa nalijua likiwa bado juu ya lori. Basi nikaiingiza pua yangu kwenye mafla mbele yake. Harufu ya mafuta, basi. Eliezeri alicheka mpaka akashika bawa.

— Mzee, pua hiyo utazikwa nayo.

Nikamwambia Mpare atauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Akasema Mchaga akizimia usimmwagie maji, dondosha sarafu karibu yake. Asipoinuka mkaite padri. Tukacheka wote. Lakini mimi nilicheka jicho moja likiwa wazi.

Jumamosi, 5 Julai

Kikao chini ya bawa. Valeria anataka mafla mpya. Nikasema ichomelewe. Akanijibu vibaya — hapana, vizuri, ndiyo maana iliuma:

— Baba, anayekaa ndani ya hiyo ndege ni mimi. Wewe unakaa kwenye kilabu cha mbege.

Lakini hela ninazo mimi, na Julai ndio msimu, hoteli ya Marangu imeshamwandikia wageni mwezi mzima. Tumekubaliana hivi: mafla iende kuchomelewa Nairobi, kwenye karakana yenye kibali. Mpya itanunuliwa Septemba. Eliezeri amekubali kwa shingo upande, na masharti mawili. Hita isifunguliwe kabisa mpaka Septemba. Na ataweka ‘mlinzi’ ndani ya ndege.

Mlinzi gani, hakusema. Nimeanza kumhesabia mshahara.

Jumatatu, 7 Julai — Saba Saba

Baridi. Ukungu umekaa kwenye migomba tangu asubuhi. Margareta, mke wangu, kichwa kinamuuma tena. Mimi pia kidogo. Nimemwambia ni maneno yake mengi yanamrudia.

Jiko jipya halina upepo tena. Nimeziba kila tundu kwa magunia, juu mpaka chini. Zile kuni za jiko la zamani zilikuwa zinamtoa machozi, sasa anapikia mkaa. Joto kama Dar! Tunakaa humo kutwa kama wafalme.

Jumapili, 13 Julai

Mafla ilirudi juzi, jana imefungwa. Leo baada ya misa nikashuka kiwanjani kumfuta Shangazi vioo — hiyo kazi ni yangu, sijawahi kumwachia mtu.

Mlinzi nimemwona. Kadi! Kadi ya karatasi ngumu, kama ya kliniki, ina doa moja la njano kama papai lililoiva. Imebandikwa mbele ya rubani. Eliezeri anasema gesi ikiingia doa linakuwa jeusi. Ikiwa jeusi Valeria afungue dirisha, ateremke, atue.

Nikauliza, hii kadi inakaa muda gani?

Mwezi mmoja, mzee. Halafu tunabadilisha.

Na za kubadilisha zinatoka wapi?

Ninazo mimi.

Aaah! Sasa tumefika nyumbani. Muuza kadi ndiye anayesema kadi inahitajika. Na ikiwa nyeusi, muuza mafla ni nani? Yeye yule. Nimerudi kwa miguu mpaka stendi, nikitabasamu peke yangu.

Jumatatu, 14 Julai

Nimeiiba. Jana, Eliezeri alipogeuka.

Shetani hakunisaidia, nilitumia kisu cha kumenyea ndizi. Na si mjinga wa kuacha nafasi wazi. Nilikata kipande cha boksi la biskuti ukubwa ule ule. Maandishi ya Kizungu nikayakopi kwa kalamu ya mjukuu, herufi kwa herufi. Doa nikapaka bizari iliyokorogwa kwa ute wa yai. Jana usiku ilikauka, leo nimeibandika. Nimesimama nje ya kioo nimeangalia: hata Eliezeri mwenyewe angeinunua!

Valeria alifika kuruka saa tatu. Akaingia, akaiangalia kadi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilienda nyuma ya mapipa ya mafuta nikacheka mpaka nikakohoa.

Kadi ya kweli ninayo. Sasa tutaijua dini yake.

Jumanne, 15 Julai

Nimempata! Nimempata Mpare!

Niliitundika jikoni kwetu, kwenye msumari juu ya jiko la mkaa. Margareta akaweka ndizi za mtori motoni. Kabla hazijaiva doa lilikuwa la kahawia. Tulipomaliza kula — jeusi! Jeusi kama kanzu ya padri!

Sasa nauliza. Jikoni kwangu kuna mafla? Kuna propela? Margareta ana mabawa? Kadi inageuka nyeusi popote pale, ikipata joto tu. Ingegeuka hata kwapani. Kwa hiyo mwisho wa mwezi ‘ingekuwa nyeusi’ ndani ya ndege, na Mzee Aristides angetoa ng'ombe wanne akisema asante.

Margareta haelewi kwa nini nacheza. Anasema acha kurukaruka, kichwa kinanipasuka.

Sitasema kitu sasa. Mwizi hakamatwi akinyoosha mkono, anakamatwa ameshashika. Nitangoja Eliezeri alete kadi ya pili na bei ya mafla mpya, ndipo nitoe hii nyeusi mbele ya watu wote kwenye kilabu cha mbege. Ile ya bizari ikae pale pale. Haina kazi ya kufanya, kama aliyeileta.

Ijumaa, 18 Julai

Valeria amepita kutusalimu. Kaleta sukari na mkate, kanichokoza kuhusu ndevu zangu. Anasema wageni wa wiki hii wanalalamika baridi huko juu. Jana mama mmoja alishuka midomo ya bluu.

— Lakini Baba, ile kadi bado ni njano safi. Siku tano, haijabadilika hata chembe. Hao mafundi wa Nairobi wamechomelea vizuri. Kesho nitawafungulia wageni hita kidogo tu.

Nikamuuliza Eliezeri anajua? Akasema Eliezeri mwoga, na kadi si ni yake mwenyewe? Kama inasema njano ni njano.

Nilinywa mbege haraka ili nisicheke. Halafu nikaona sichekeshwi sana kama nilivyotegemea. Sijui kwa nini. Nikamwambia, wape mablanketi. Akanibusu kichwani, akaenda.

Nimesema mablanketi. Imeandikwa.

Jumamosi, 19 Julai

Asubuhi. Margareta ameanguka jikoni.

Nilikuwa nje nakatia ng'ombe majani. Nikasikia sufuria ikianguka. Nimemkuta chini kati ya jiko na mlango, mashavu mekundu kama msichana, macho wazi, ananiangalia na hanijui. Nikapiga kelele. Justina akaja mbio, mtoto wa marehemu kaka yangu, nesi pale hospitali ya misheni. Hakusema shikamoo. Alipiga mlango teke, akararua magunia yangu yote dirishani, tukamburuta Margareta mpaka kwenye majani yenye umande. Akatapika. Akavuta pumzi. Baada ya muda akaniita kwa jina, akaniuliza kwa nini nalia kama mbuzi.

Yuko hai. Kakaa nje, kashika chai.

Justina akanigeukia. Baba mkubwa, nani kaziba hili jiko? Mimi. Na mkaa unawaka ndani? Ndiyo, lakini hakukuwa na moshi, hakukuwa na harufu yoyote, pua yangu—

— Haina harufu, Baba mkubwa! Hewa ya mkaa haina harufu! Inakulaza tu!

Maneno yale yale. Huyu ni Mchaga, haujui uwanja wa ndege, hauzi kadi.

Nikaangalia msumarini. Bado imetundikwa pale. Nyeusi.

Saa ngapi sasa? Valeria anaruka saa tatu.

Jumamosi hiyo hiyo, kiwanjani

Saa nne kasoro. Nimekaa juu ya debe la oili mlangoni pa ofisi ya redio. Naandika kwa sababu nilisema ushahidi, basi na huu uandikwe.

Pikapu ya maziwa ilinishusha. Njiani nilichuma isale kwenye ua wa mtu. Kwetu ukimletea mtu jani la isale, hata kama umemuua ng'ombe wake, lazima akusikilize. Sikujua kama Mpare anahesabu isale. Shangazi hayupo. Ameshaondoka dakika arobaini, Valeria na wageni wawili, bibi na bwana, wazee kama sisi.

Nilimkuta Eliezeri anafunga gurudumu la ndege ya watu wengine. Nikampa isale kwa mikono miwili. Akacheka, mzee leo umeniibia nini? Nikampa kadi nyeusi. Nikasema yote. Kisu, boksi, bizari, yai. Nikasema na hita.

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Aliweka isale mfuko wa ovaroli akakimbia. Sijawahi kumwona anakimbia.

Anaongea naye sasa. Namsikia kupitia mlangoni.

Valeria amejibu! Sauti yake. Yuko upande wa Rombo wa mlima, juu sana. Eliezeri anamwambia funga hita. Fungua dirisha. Teremka. Rudia ulichosikia.

Redio inakwaruza.

Valeria tena. Anasema wageni wamelala wote wawili, wazee wa watu wamechoka. Anasema kichwa kinamuuma kidogo, lakini ni jua. Na anacheka. Valeria hachekagi kwenye redio. Kwenye redio huwa anaongea kama hakimu.

Eliezeri anarudia. Kadi hiyo si ya kweli, Valeria. Usiiamini kadi.

Anajibu: Injinia, acha utani wako wa Kipare, naiangalia hapa, ni njano kama papai. Anacheka tena. Maneno yanaburuzika, kama mtu aliyekaa kilabuni tangu asubuhi.

Eliezeri ametoka. Uso umelowa. Hakuniita mwizi, hakuniita mjinga, kasema tu:

— Mzee, mimi haniamini. Njoo wewe. Kwa Kichaga. Mwambie umeitengeneza na nini.

Naja. Daftari naliacha juu ya debe, naenda kumwambia bizari, na ute wa yai, na kwamba mwizi ni baba yake.