Karatasi Moja Huzidi Kila Jumatatu

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako nikiwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote wanaokuandikia, maana wengi humu wanalia kwa sababu ya waume zao, na mimi wangu nikisikia tu funguo zake mlangoni moyo unaruka kama siku ya kwanza, na ndoa yetu ina miezi minne sasa, naye ni mwalimu wa darasa la tano, mpole, ana chaki kwenye mikono ya shati hata Jumapili, na mimi ni mtangazaji wa kituo cha mabasi, yule unayemsikia kwenye kipaza sauti akisema basi fulani linaondoka mlango fulani.

Tulikutana hapohapo kituoni. Alikuja dirishani kwangu kuuliza kama basi la saa tisa limeshaondoka, nikamwambia, kaka yangu, nimelitangaza mara tatu, akajibu taratibu tu, "Zote tatu nimezisikia," nami nikacheka mpaka nikasahau kuzima kipaza sauti, kituo kizima kikacheka nami.

Sasa siri yangu ni hii. Nasoma kwa sauti vizuri sana, tangu shuleni mimi ndiye niliyekuwa nasimamishwa mbele ya darasa, lakini nilichokisoma sikuwa nakielewa, na maswali ya ufahamu niliyapita kwa ujanja mmoja: swali likiuliza kwa nini mzee alihuzunika, natafuta neno hilo kwenye habari, nanakili sentensi nzima, napata tiki, na kwa ujanja huo nikamaliza sekondari. Wakati wa uchumba aliniletea vitabu, tukawa tunakaa kwenye benchi namsomea, yeye kafumba macho kwa raha, na akiniuliza nimeonaje namwambia anza wewe mpenzi, anaeleza, nami nakubali kila kitu huku nimemwegemea begani.

Kumbe mume wangu vita yake kubwa ni hiyohiyo. Wanafunzi wake arobaini na mmoja wanasoma kama maji yanavyotiririka, halafu hawajui wamesoma nini, na kwa utani anawaita kasuku wangu. Ameacha maswali ya kitabuni, anatunga habari fupi mwenyewe, zenye maswali ambayo jibu lake haliko kwenye sentensi yoyote. Kila Jumatatu anarudi na karatasi za wiki, na kila Jumatatu mashine ya kunakili ya shule inakuwa imetoa moja zaidi, basi anasema hii imezidi, anaiweka kando ya kopo la sukari, na penseli iliyochongwa juu yake isipeperuke, anaingia kuoga. Mimi naivamia, naijaza mbiombio kabla hajatoka, kisha naificha kwenye sanduku la nguo chini ya gauni la harusi. Hajawahi kuuliza zinakwenda wapi, maana mambo madogomadogo hayamsumbui, na hilo nalo nampendea.

Ya kwanza ilikuwa habari ya mama aliyepanga sahani nne mezani, akasimama, akarudisha moja kabatini, na swali likauliza nini kimetokea katika nyumba hii. Nikatafuta sentensi ya kunakili, hakuna. Nikarudia kusoma, polepole, ndipo nikamwona yule mama, nikakiona na kiti kitupu, mshauri, nililia mpaka sufuria likaungua jikoni, na mume wangu alipotoka nikasingizia moshi, akanipangusa machozi kwa kidole chenye chaki.

Tangu siku ile mimi si yule. Wiki iliyopita nililetewa tangazo kwamba basi la saa nane litaondokea mlango wa tatu, na mstari wa chini ukasema mlango wa tatu umefungwa kwa matengenezo. Zamani ningeyatangaza yote mawili kwa sauti tamu. Safari hii nikazima kipaza sauti, nikamwita mkuu wa kituo, akasoma, akajikuna kichwa, akasema, "Miaka mitano unasoma hapa, leo ndiyo umeuliza swali." Nilirudi nyumbani natembea kama nimevishwa taji.

Jumatatu hii karatasi ilikuwa rahisi. Mwanamume ameketi kituoni, basi lake linatangazwa mara tatu, hasimami, linaondoka. Kwa nini hakupanda? Nikaandika: hakuwa na nauli. Nikaificha upesi, nilisikia maji bafuni yamenyamaza.

Basi mwalimu mkuu ameomba niende Ijumaa ijayo, siku ya wazazi, nisome habari mbele ya watu wote, kisha wanafunzi waniulize mimi maswali. Mume wangu anafurahi mpaka anapiga miluzi akifunga viatu. Dada yangu anasema ninyamaze, ndoa bado mbichi, mwanamume haambiwi kwamba alichokipenda kilikuwa nusu. Lakini siwezi kusimama pale karibu yake na siri hii. Je, nimwambie kwamba alimwoa kasuku wa arobaini na mbili? Na akiniona tofauti, nitaishije?

Bibi harusi wa kipaza sauti

MSHAURI ANAJIBU

Bibi harusi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikitafuta mahali pa kuvuta pumzi. Pole kwa hofu, na hongera kwa kazi kubwa uliyoifanya peke yako kando ya kopo la sukari. Ila nina ugomvi na wewe. Umejifunza kumsoma mama wa sahani nne, umejifunza kusoma tangazo la mlango wa tatu, lakini barua uliyoiandika kwa mkono wako hukuisoma.

Tufanye zoezi. Mashine gani hukosea kwa karatasi moja ileile, kila Jumatatu, miezi minne? Mwalimu gani anayejua idadi ya wanafunzi wake asijue karatasi yake imekwenda wapi? Na upepo gani huo wa humo ndani, unaohitaji penseli iliyochongwa? Usitafute sentensi ya kunakili, haipo.

Mumeo anajua. Nadhani alijua tangu kwenye lile benchi, na akakuoa, mwanangu. Sasa unaogopa nini?

Dada yako anakutakia mema, lakini usimsikilize. Mumeo naye nina neno lake: bwana mwalimu, unamfundisha mkeo vizuri, ila mke huambiwa kwa mdomo, haachiwi mashine ya kunakili ikuongelee. Na wewe acha kujiita kasuku. Kasuku angewapeleka abiria wote mlango wa tatu.

Leo akirudi, kabla hajaingia bafuni, toa karatasi zote chini ya gauni la harusi, zipange mezani, umwambie, "Mwalimu, na hizi zisahihishwe." Usiongeze hotuba. Kaa, mwangalie anavyozisoma.

Ijumaa nenda, tena uende umependeza. Kabla hujafungua kitabu, waeleze wale watoto ule ujanja wako wa kunakili sentensi, wazi, mbele ya wazazi na mwalimu mkuu. Katika darasa lile yupo mtoto mwenye sauti nzuri, husimamishwa mbele kila siku, na hajamwambia mtu yeyote kwamba haelewi. Msomee huyo. Watoto wakikuuliza maswali, usikimbilie kujibu. Rudi kwenye habari, soma tena polepole, wakuone unavyofikiri. Hilo ndilo somo ambalo mumeo amelitafuta mwaka mzima.

Karatasi zako nyingine sina wasiwasi nazo. Ile ya Jumatatu hii umekosa. Mwanamume yule nauli alikuwa nayo mfukoni. Futa, rudi kwenye aya ya pili ya barua yako, kisha ujibu upya, na jibu hilo usiliandike. Mwambie kwa sauti.