Mtama Ufike Kwanza

Mjukuu wangu Neema,

Wengi hukosea kupeleka gazetini andiko la chuo kama lilivyo. Hapa Kongwa hatujambo, bibi yako anakusalimu.

Unauliza kwa nini gazeti limekataa makala yako ya visima. Yangu ya kuhifadhi mtama nayo ilirudishwa. Mhariri alinicheka: "Mwalimu, umewasalimia wataalamu wote waliowahi kuandika, mtama wenyewe haujafika!"

Nikaanza upya na ghala la mama yangu, na majivu aliyochanganya kufukuza wadudu. Ikachapishwa. Kwenye stesheni ya Gulwe, nikisafiri na mama, abiria mmoja akawa anawasomea wenzake makala hiyo; mama akapaza sauti, "Huyo ni mimi!" Sikujivuna tena hivyo hadi ulipohitimu wewe.

Leo, mweleze jirani yako kwa sentensi moja ulichogundua visimani, kisha uiandike juu kabisa ya makala yako.

Babu yako