Mnada Uliomwaga Damu Dukani Kwangu

Alhamisi. Mvua imeanza asubuhi na haijakatika. Maji yanapita mbele ya duka kama kijito na duka sijalifungua. Mkono wa kulia unaniuma kuanzia begani hadi vidoleni, kwa hiyo ninaandika kwa kidole cha kushoto.

Jana nilimvunja mtu mfupa.

Ambao hamnifahamu: nipo Kyela mjini, nauza vitu vya kale kwa mnada wa mtandaoni. Redio za mbao, kandili, vyungu vikuukuu vya Ikombe, pasi za mkaa. Nawasha video mubashara, nakiinua kitu mbele ya simu, watu wanaandika madau yao, wa juu kabisa anachukua. Nafunga mzigo, napeleka stendi ya mabasi. Miaka yote hii hasara yangu kubwa ilikuwa chungu kupasuka njiani.

Wiki iliyopita Gwakisa, mkulima wa kakao kutoka Ikolo, aliniletea mkuki wa marehemu baba yake. Mpini mweusi, laini kwa kushikwashikwa. Ni mkuki ambao wanaume wa ukoo wao walicheza nao ngoma misibani. Nilimuuliza kama ndugu zake wamekubali. Akasema wamekubali, lakini alijibu akiwa anaangalia barabarani. Niliona. Nikauchukua hivyo hivyo, kwa sababu nilishajua utagombaniwa.

Na kweli uligombaniwa. Jana nilipouinua mbele ya simu, madau yalimiminika hata nikashindwa kuyasoma. Gwakisa alikuwa amekaa pembeni kwenye kigoda, anatabasamu kama mtu anayesikiliza jina lake likisifiwa.

Hatukujua kwamba kule Ikolo kuna mtu amemwonyesha kaka wa Gwakisa mnada ule simuni.

Kaka yake ni Ambakisye, mkubwa wa nyumba. Alishuka kwenye bodaboda, akaingia na panga mkononi. Hakubisha hodi.

"Unamuuza baba?" alisema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

Gwakisa akasimama. "Baba amekufa, kaka. Wanangu wako hai."

Panga likapanda. Gwakisa akaninyang'anya mkuki, akauinua kwa mikono miwili kujikinga. Panga likateleza kwenye mpini, likaingia mkononi mwake chini ya kiwiko. Niliona mfupa mweupe, halafu damu ikaufunika. Simu ikaanguka pamoja na stendi yake. Vyungu vikavunjika. Gwakisa alikuwa chini, anajivuta kwa kiwiko kuelekea mlangoni, na panga lilikuwa limeinuliwa tena juu ya shingo yake.

Nilishika kilichokuwa karibu, pasi ya mkaa, ile nzito ya chuma yenye jogoo mbele. Nikampiga Ambakisye begani kwa nguvu zangu zote. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Panga likaanguka. Akapiga magoti katikati ya vigae, ameshika bega, uso umepauka.

"Basi, dada," akasema. "Basi."

Nilimsikia vizuri. Nikampiga tena, mdomoni.

Hapa ndipo ninapokwama tangu jana. Panga lilikuwa chini, mtu ameshasema basi. Nataka kuandika kwamba ni hofu, lakini hofu ilikuwa imeisha. Nilipiga kwa sababu mkono ulikuwa juu na ulitaka kushuka. Nilijisikia vizuri, ingawa kwa muda mfupi tu.

Majirani waliingia, wakamfunga Gwakisa mkono kwa kanga, wakawapeleka wote wawili hospitali. Polisi walikuja wakachukua maelezo, panga na pasi. Mkuki hawakuuulizia. Ulikuwa umelala chini ya meza, mpini wote umelowa.

Niliokota simu. Ilikuwa imeanguka ikitazama bati, bado inarusha. Watazamaji walikuwa wengi kuliko siku zote. Walikuwa hawaoni kitu zaidi ya bati, wanasikia vilio tu.

Na walikuwa bado wanapandisha dau.

Jioni mteja mmoja wa Dar alipiga.

"Pole sana, dada. Ule mkuki umeshauosha?"

"Bado."

"Basi usiuoshe. Ukija na damu yake naongeza mara mbili."

Nilimwambia nitafikiria. Sikumtukana wala sikumkatia simu. Nilisema nitafikiria, na nikafikiria kweli, nikiwa nimeketi kwenye kigoda kile alichokalia Gwakisa.

Leo asubuhi, mvua ikinyesha, mama yao amekuja. Mama mfupi, viatu mkononi, mwavuli umevunjika ubavu. Nikamkaribisha kwa salamu ya Kinyakyusa.

"Ugonile, mama."

"Ndaga," akaitikia, akakaa. Ametoka wodini. Wanawe wamelazwa chumba kimoja, mmoja na mkono ulioshonwa, mwingine na bega lililofungwa na askari kando ya kitanda. Hawasemeshani. Anawalisha uji kwa zamu.

Akaweka viatu chini, akaniangalia.

"Ni wewe uliyempiga Ambakisye?"

"Ni mimi, mama."

"Wajukuu wamenisikilizisha video yako kwenye simu. Nimesikia mapigo mawili."

Nikainamia vigae ambavyo bado sijavifagia.

"Lile la kwanza umeniokolea mwanangu," akasema. "Ndaga, nashukuru. La pili umemvunja meno mwanangu. Katikati yake nimemsikia akisema basi."

Hakulia. Akaomba mkuki. Nikautoa chini ya meza, nikampa. Aliuosha mwenyewe pale barazani kwa maji ya bati, anausugua kwa upindo wa kanga, akaondoka nao bila kufungua mwavuli.

Nimempigia yule wa Dar. Nimemwambia mkuki haupo na nimemtoa kwenye mnada wangu. Amecheka. Atapata kwingine.

Hiyo ilikuwa kazi nyepesi. Iliyobaki ni nzito. Kesho asubuhi nitapika uji, nitapanda kwenda hospitali. Wodini nitamkuta Gwakisa kwanza, mama yao amesema kitanda chake kiko karibu na mlango, na atanishukuru.

Nitampita. Nitaanza na yule aliyesema basi.