Foleni ya Ukutani

Wahiba, umewahi kuona mtu akigombana na ukuta? Yuliana kanitia aibu leo, nimekereka mie!

Mjukuu katupeleka Buguruni kwenye maonyesho ya enzi za Ujamaa. Chumba giza, picha za watu zinamulikwa ukutani, kimo chao kama chetu.

Yuliana kaona foleni, kaunga. Si unatujua sie wa enzi zile, unaunga kwanza, utauliza baadaye.

Kasubiri weee, miguu kaibana, shida yake hasemi.

"Dada, mbona hamsogei?" Kamsogelea: "Nakusemesha, huna adabu?" Anaigombeza picha, Wahiba! Picha!

Vijana wanapiga makofi, wanadhani anaigiza. Mwenye maonyesho kamletea kipaza sauti: "Bibi, hiyo foleni ya sukari. Unajisikiaje?"

"Sukari ya nini, baba? Mie nataka choo!"