Kichwa cha Treni Ndani ya Nyumba ya Babu

Kijiji cha Daudi, Mbulu
14 Juni 2025

Mdogo wangu Kornelia,

Marahaba naitanguliza, maana najua shikamoo yako iko njiani. Hujambo, na majirani wa Jorodom hawajambo? Tangu tope la mlima Hanang lipite mlangoni kwako, kila mvua ikinyesha nakuwaza. Mimi nipo, ila kifua kimechoka. Mjukuu wangu Natalia hunishika mkono kwenda kuota jua, nalo jua lenyewe halionekani kwa ukungu.

Mwezi uliopita vijana walichimba msingi wa tanki la maji kwenye mteremko wa babu yetu, pale palipokuwa na nyumba yake ya chini ya ardhi, ile ya kufichia ng'ombe wakati wa vita. Sururu ikalia kama kengele. Natalia alikuja mbio akasema, babu, tumefukua jongoo wa chuma! Nikamwambia si jongoo, ni kichwa cha treni, namba kumi na saba. Akanitazama sana, maana namba ilikuwa bado imefunikwa na udongo.

Walinibeba kwenye kiti nikakione. Ni kilekile kidogo kilichovuta ngano ya shamba la mzungu. Mizizi imeingia kwenye bomba la moshi, na filimbi ya shaba bado inang'aa ukiipangusa. Nilipokigusa nilihisi joto, ingawa hakijawashwa miaka hamsini na moja. Siku hizi nikisinzia nakisikia kikishuka polepole ndani ya ukungu, na Gidabuday, mtia kuni wake, amekaa juu ya kuni anaimba.

Mafundi wa reli wamekisafisha. Kitajengewa paa hapahapa, na mwezi ujao kitawashwa moto ili filimbi ilie. Wanamtafuta shujaa aliyekificha wakati wanunuzi wa vyuma chakavu walipokuwa njiani, waandike jina lake kwenye kibao.

Ni mimi, Kornelia. Asubuhi ya Pasaka, ninyi mkiwa kanisani, nilisingizia homa. Nilikuwa nimerefusha reli kwa vipande vitatu. Nikalegeza breki, kikateremka chenyewe hadi ndani ya nyumba ya babu, nikaangusha nguzo za mlango. Watu walidhani masika yamebomoa nyumba kuukuu.

Kisha wakasema Gidabuday amekiuza, kwa kuwa ndiye mtia kuni, tena mtu wa ng'ombe kutoka bondeni. Wanafunzi wangu walimwimba Mla-Chuma chini ya dirisha la darasa, nami nikaendelea kuandika ubaoni. Ulinililia nimtetee, posa yake ikiwa imeshapokelewa. Nikakujibu kwamba mwizi hangojwi. Ulimngoja hata hivyo, na hukuolewa.

Nasikia Gidabuday yu hai, yuko Gehandu. Miguu yangu haifiki huko. Nakuomba umpelekee barua hii umsomee yote, usiruke popote. Nisipokuwepo siku ya kuwasha moto, isomwe mbele ya watu.

Jina langu sitaki liandikwe. Mafundi nimewaambia wasiwashe moto kwanza, kwa sababu mtia kuni hajafika.

Natalia anakuamkia. Mungu akulinde na mvua, na ukiweza, unisamehe nikiwa bado nasikia.

Kaka yako,
Hermani