Simu ya Saa Kumi na Dakika Kumi

Machame,
14 Februari 2024

Mwanangu Anaeli,

Pokea salamu za nyumbani. Mimi sijambo kwa umri huu, goti tu linanisumbua nikipanda kutoka kukata majani ya ng'ombe. Mama yako anakohoa kidogo lakini anacheka, kwa hiyo hajambo. Ng'ombe amezaa ndama jike. Na wewe huko Ujerumani u hali gani? Picha uliyomtumia mdogo wangu nimeiona. Umekonda mpaka shingo imekuwa ya kuku.

Utashangaa mama yako mkubwa kukuandikia karatasi wakati simu ninayo. Simu ndiyo ninayoikimbia. Na usidhani nimesahau kwamba mwanangu Eliufoo alipozikwa hukuja. Mlikua kitanda kimoja, mkala sahani moja, na siku ya kumlaza kwenye kihamba cha baba yake, chini ya migomba, wewe hukuonekana. Hilo nimeliweka pembeni, sijalitupa.

Ninachokuandikia ni hiki. Kila siku, saa kumi na dakika kumi jioni, simu yangu inalia. Nikipokea, Eliufoo anasema, "Subiri kidogo, namtafuta mtu wako." Kisha kimya kirefu, halafu inakatika. Ni sauti yake, Anaeli, na kile kikohozi chake kidogo kabla hajaanza kusema. Jirani yangu Margareta aliisikia mara moja, akakimbia akaacha kiatu kimoja mlangoni. Mchungaji ameiombea, imeendelea kulia. Basili, fundi wa chama cha maziwa anayeitunza ile mashine yenu ya simu, anasema haigusi, anaiogopa.

Miezi ishirini na mbili sasa, bila kukosa siku. Wewe ndiye uliyeitengeneza pamoja naye. Niambie, ananitafutia nani?

Mama yako mkubwa,
Yuditha


Leipzig,
9 Machi 2024

Mama Mkubwa, shikamoo.

Barua yako nimeisomea kwenye ngazi, sikuweza kusubiri kufika chumbani. Mimi mzima. Shingo ni baridi tu, usimtishe mama. Pole na goti, na hongera kwa ndama.

Kuhusu mazishi sina la kujitetea.

Kuhusu mashine, naomba nianzie mbali, maana sisi hatukuwahi kukueleza. Mwaka 2010 tulipopanga kile chumba mtaa wa Majengo, nyuma ya fundi cherehani, programu za kupiga simu kupitia mtandao zilikuwepo tayari, za bure, zimeandikwa na watu wa mbali. Lakini hazikujua kubipu. Eliufoo alisema nusu ya Machame inaongea kwa bipu, sasa simu isiyoelewa bipu ni ya nini? Ndipo tukaandika ya kwetu, tukaiita Mbiu. Ukimbipu mtu kupitia Mbiu, mashine inakupigia wewe kwanza, inakuambia usubiri, kisha inampigia yeye na kuwaunganisha. Hulipi. Ile sauti aliirekodi akiwa chini ya blanketi ili cherehani isisikike. Chama cha maziwa kilikuwa cha kwanza kuitumia. Halafu tukaiweka Mbiu mtandaoni, wazi, yeyote aichukue, aisome, airekebishe. Mwalimu mmoja wa Brazili akaichukua, zahanati moja ya India ikaichukua. Tulikuwa tunasoma barua zao kwa sauti kama wendawazimu.

Tuligombana kwa jambo moja. Mtu akibipiwa asipopokea, mashine ijaribu mara ngapi? Mimi nilisema mara tatu, inyamaze. Yeye alisema isinyamaze. "Anayebipu hana salio na labda hana mwingine," aliniambia. "Ukimwacha, ameachwa." Mwaka 2016 nikachukua msimbo wetu, nikatengeneza Mbiu yangu yenye kikomo cha tatu, kampuni ya huku ikanipa kazi kwa ajili yake. Watumiaji wetu waligawanyika, na sisi tukagawanyika. Tangu hapo hatukusemezana.

Mama Mkubwa, siku ile aliyofariki ulimbipu. Hakupokea. Mashine yake haijui kuacha, kwa hiyo inarudia kila siku saa ile ile. Inakutafutia yeye.

Naweza kuizima nikiwa huku huku, ni mstari mmoja tu wa msimbo. Lakini na sauti itazimika. Sema neno moja, nitafanya.

Mwanao,
Anaeli


Machame,
2 Mei 2024

Mwanangu Anaeli,

Sisi wazima. Mvua imepiga migomba saba imelala chini, tumekula ndizi mpaka tumechoka.

Usizime.

Sasa nikuambie kitu ambacho mama yako hakijui. Siku ile nilipika mtori wa ndizi na nyama. Eliufoo aliondoka asubuhi kwenda kurekebisha antena ya Mbiu kwenye nguzo ile ya juu, karibu na msitu. Jioni nikambipu nimuulize kama atakuja kula au nimwachie. Wakata majani walimkuta saa kumi na moja chini ya nguzo, ameanguka na antena, simu mkononi.

Baada ya matanga nilimwomba Basili anisomee mashine imeandika nini. Alinisomea kwenye kioo: bipu yangu, 10:10. Antena kukatika, 10:11. Dakika moja, Anaeli. Alikuwa amening'inia kule juu, mkono mmoja umeshika chuma, na mwingine akaupeleka mfukoni kwa sababu mama yake anabipu. Nilimuua kwa mtori.

Basili nilimwapisha asiseme. Tangu siku ile sijapika mtori nyumba hii. Watu wanadhani naogopa ile simu kwa sababu ni ya mzimu. Mimi naipokea kila siku kwa sababu nastahili.

Nimemwambia Basili akutumie kumbukumbu zote za mashine. Zitazame. Kama ndivyo ilivyo, andika kwamba ndivyo ilivyo. Usinihurumie. Nimefundisha watoto miaka thelathini na nne, anayenihurumia namjua hata kwa mwandiko.

Mama yako mkubwa,
Yuditha


Leipzig,
20 Mei 2024

Mama Mkubwa, shikamoo. Kaa chini kwanza.

Hukumwangusha.

Nakuandikia taratibu ili umpe na Basili asome. Eliufoo alikataa kabisa saa za kizungu ndani ya Mbiu. Alisema mashine ya Machame haiwezi kuandika kumi na sita wakati watu wanakamua saa kumi. Mbrazili alilalamika, Wahindi wakalalamika, Eliufoo akawajibu kwamba siku inaanza alfajiri, na wao wajaribu kuishi hivyo. Kwa hiyo 10:10 ya Mbiu ni saa kumi na dakika kumi jioni, kama unavyoijua.

Lakini antena ni kitu cha dukani. Imekuja na saa zake za kiwandani, na hakuna aliyezibadilisha. 10:11 ya antena ni saa nne na dakika kumi na moja asubuhi. Basili aliziona kwenye kioo kimoja, moja chini ya nyingine, akadhani ni saa za aina moja. Hata mimi niliposoma mara ya kwanza niliona dakika moja, nikafunga kompyuta nikatoka nje. Ni mara ya pili ndipo nilipokumbuka.

Alianguka asubuhi, Mama Mkubwa. Ulipombipu alikuwa ameshalala pale chini karibu saa sita nzima. Mkono wake haukuachia chuma kwa ajili yako. Pika mtori.

Mwanao,
Anaeli


Machame,
16 Juni 2024

Mwanangu Anaeli,

Mungu akubariki wewe na macho yako. Barua yako niliisoma mara nne, ya tano nikaenda kumsomea mwenyewe pale kaburini. Nikapika mtori, nikamwita Margareta, nikala bakuli mbili. Basili alilia kama mtoto, ikabidi mimi nimbembeleze. Nililala usingizi ambao nilikuwa nimeusahau.

Hiyo ilikuwa wiki moja. Wiki ya pili nilikuwa nakamua, hesabu ikanijia yenyewe. Kutoka saa nne asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Daktari siku ile alisema hakufa papo hapo. Sikumsikiliza, nilikuwa na langu.

Walimkuta na simu mkononi. Mkononi, Anaeli. Mtu aliyeanguka na simu mfukoni haikuti mkononi bila kuitoa. Mimi hakuniita, yangu nilikuwa nayo shingoni siku nzima. Alikuwa anamwita nani?

Mashine zenu zinaandika kila kitu. Angalia.

Mama yako mkubwa,
Yuditha


Machame,
25 Agosti 2024

Anaeli,

Natumaini u mzima. Mama yako anasema unampigia kila Jumapili na unaongea vizuri. Basi aliyepotea ni mimi?

Barua yangu ya Juni ina swali ndani yake.

Mama yako mkubwa,
Yuditha


Leipzig,
3 Novemba 2024

Mama Mkubwa, shikamoo.

Nisamehe kwa ukimya. Siyo kwamba sikuwa na jibu. Nilikuwa nalo tangu Mei, usiku ule ule nilipogundua habari ya saa. Nilikuandikia yale yaliyokufurahisha nikaacha mengine. Nilitumaini hutahesabu. Nilisahau wewe ni mwalimu.

Alinibipu mimi.

Mwaka ule wa Majengo tulikuwa na simu ndogo za kufanana, na kila mmoja alimweka mwenzake kwenye kitufe cha mbili. Ukibonyeza ukashikilia, inapiga. Nadhani hakuwahi kunitoa. Mtu aliyevunjika hatafuti majina, Mama Mkubwa, anabonyeza kinachofikika. Namba yangu ile ya zamani nilihama nayo, inaingia kwenye mashine yangu ya huku, ile yenye kikomo.

Bipu yake iliingia saa nne na dakika ishirini na sita za asubuhi ya kwenu. Mashine ikanipigia. Nilikuwa kwenye kikao. Niliona jina lake kwenye kioo, baada ya miaka sita. Nikadhani ametaka kuanza tena ule ugomvi wa kwamba niliiba kazi yetu. Nikaigeuza simu kifudifudi mezani. Ikalia mara ya pili. Ikalia mara ya tatu. Kisha ikanyamaza, kwa sababu mimi mwenyewe niliipanga inyamaze.

Ningepokea, ningempigia Basili, na Basili angefika kule juu kwa pikipiki kabla ya saa tano. Nimeihesabu njia ile mara nyingi kuliko nilivyohesabu kitu chochote.

Ndiyo maana sikuja kumzika. Habari ilinifika siku ya pili, nikaitazama ile bipu niliyoikataa, sijui bado kwamba aliipiga akiwa chini ya nguzo, nikashindwa kununua tiketi.

Sitaki tena kukaa na jambo hili peke yangu, na sina haki ya kukuomba ulibebe. Nitakuja Desemba. Nitasimama mlangoni kwako na jani la isale mkononi, kama wazee wetu walivyofanya walipoomba msamaha. Ni hilo tu ninaloweza kukuletea.

Mwanao,
Anaeli


Machame,
1 Desemba 2024

Anaeli,

Huku ni wazima. Mama yako ameanza kupaka nyumba rangi kwa ajili yako, nami sijamwambia neno.

Barua yako ilipofika sikuiamini. Nilisema huyu mtoto ananihurumia, ametunga. Nikatoa simu ya Eliufoo kabatini, Basili akaichaji. Nikabonyeza mbili nikashikilia. Jina lako likatokea. Nikaizima.

Nimekaa na hilo wiki nzima. Nimejaribu kukuelewa na nimekuelewa, hilo siyo tabu. Hata mimi kuna watu nimewahi kuwaona wakipiga nikageuza simu. Lakini nilipodhani ni mimi niliyemuua, aliyekuwa wa kuchukiwa alikuwa karibu, naamka naye, nalala naye. Sasa ni mtoto wa mdogo wangu, niliyemnyonyesha mwenyewe mama yake alipolazwa. Hilo ni zito kuliko la kwanza. Nakuambia ili ulijue, siyo kukutesa.

Na umesema kweli wakati ungeweza kuficha. Hilo pia nimeliona.

Sasa kuhusu isale. Unajua vizuri kwamba mtu akisimama mlangoni na jani lile hakataliwi, hata aliyemwaga damu. Ukoo utakaa, mbege itanyweka, wazee watasema yameisha, na mimi nitalazimika kusema yameisha. Wataondoka wameshiba na mimi nitabaki na hasira yangu nimeifunika sahani. Miaka miwili nimebeba kosa lisilokuwa langu kwa sababu mtu alinisomea vibaya. Sitabeba msamaha usiokuwa wangu.

Kwa hiyo nakuandikia mapema kabla hujapanda ndege. Njoo. Lakini usichume lile jani, wala usimruhusu mama yako akuchumie kwenye uzio. Njoo mikono mitupu, ubishe hodi kama mtu yeyote. Nitakufungulia, au sitakufungulia. Mimi mwenyewe bado sijui.

Mama yake Eliufoo,
Yuditha